Fizi na Baraka: «Aingie popote kwanza, Politekniki atahamia mwakani» – hesabu inayowagharimu wazazi

Kila matokeo ya mtihani wa taifa, Exetat, yanapotangazwa, mitaa ya Baraka na vilima vya Fizi hujaa vigelegele. Kijana aliyefaulu humwagiwa unga mweupe kichwani, hubebwa mabegani, mama zake huimba. Siku mbili baadaye furaha inapoa, na baraza la familia linakaa kujibu swali moja: sasa ataingia fakilte gani, na kwa pesa gani?

Kwa wale wanaotaka kuwa wahandisi, jibu linalosikika sana ni hili: «Aingie popote kwanza, Politekniki atahamia mwakani.» Ni jibu la matumaini. Lakini kwa familia inayouza mbuzi, dagaa au mihogo ili kulipa masomo, linaweza kula mwaka mzima, wakati mwingine miwili, bila kumfikisha mtoto pale alipotaka.

Mlango unaanza kufungwa darasa la nane

Watu wengi wanadhani uchaguzi wa kazi unafanyika chuoni. Nchini Kongo unafanyika mapema zaidi. Mwisho wa darasa la nane mwanafunzi hufanya TENASOSP, jaribio la taifa la kumwelekeza katika seksio atakayosoma. Baada ya hapo anaingia umanite, miaka minne, akiwa tayari ameandikwa: pedagojia, biashara, Latini-filozofia, sayansi, au ufundi kama umeme, mekanika na ujenzi. Wakati huo ana miaka kumi na minne hivi.

Jaribio linaweza kumwelekeza kwenye sayansi, lakini seksio hiyo lazima iwepo mahali anapoishi. Katika vijiji vingi vya Kongo shule ya sekondari ni moja, na seksio yake ni pedagojia, kwa sababu haihitaji maabara, mashine wala umeme. Mzazi wa Lulenge au Ngandja asiyekuwa na ndugu wa kumpokea mtoto mjini hana la kuchagua. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi tu. Sekondari bado hulipwa, na kumpeleka mtoto mbali ni kulipa mara mbili.

Ndiyo maana mwenye 65 kwa mia katika pedagojia na mwenye 65 kwa mia katika sayansi wana diploma za taifa zinazolingana kwenye karatasi tu. Mbele ya Politekniki hawalingani. Huyu wa pili amekwisha kukaa miaka minne na aljebra, trigonometria na mekanika. Huyu wa kwanza ataanza kukutana nayo siku ya majaribio ya kuingia, au katika mwaka wa maandalizi ambao wanafunzi wanauita «prepoli», mwaka unaojulikana kwa kuwarudisha wengi nyumbani.

Kungojea ndani ya chuo

Chukua mfano wa kijana aliyekosa nafasi hiyo, akaandikishwa katika sheria ili «asikae bure». Mwisho wa mwaka amefaulu vizuri. Je, anaweza kuvuka?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD. Mwaka mmoja una krediti 60, na lisanse ya miaka mitatu ina krediti 180. Krediti ulizopata ni zako, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Wanafikiri krediti ni kama faranga, kwamba ukibeba 60 kutoka huku zitapokelewa 60 kule. Sivyo. Fakilte inayokupokea hutazama somo kwa somo. Krediti za sheria ya katiba haziwezi kulipia aljebra. Zitakazohesabiwa ni za masomo yanayofanana, labda Kifaransa au Kiingereza. Yanayobaki, anayaanza upya katika mwaka wa kwanza, pamoja na wadogo zake.

Tofauti ni kubwa kwa aliyengojea karibu. Mwanafunzi aliyeingia hesabu, fizikia au informatika anasoma mambo ambayo mhandisi pia anayasoma. Hata asipovuka, mwaka wake haukupotea. Kuna pia vyuo vya ufundi kama ISTA, ambako mtu anafikia uhandisi kwa njia ya mikono na mashine. Familia nyingi zinaidharau njia hiyo kwa sababu haina jina la «univasiti», ingawa fundi wa umeme aliyesoma vizuri anapata kazi haraka kuliko mwanasheria wa nusu safari.

Vita vimebadili njia

Zamani mtoto wa Fizi aliyetaka kusoma alitazama kaskazini: Uvira, Bukavu, hata Goma. Goma ilitekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu Februari, na mnamo Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira. Vyuo havikuhama, lakini mzazi wa Baraka anajiuliza kama mtoto atapita vizuizi, kama pesa atakazomtumia zitamfikia, na kama atarudi nyumbani likizo.

Wengi sasa wanageukia kusini. Kutoka Baraka hadi Kalemie ni boti ya ziwani au barabara ya taifa namba 5, kisha safari ndefu hadi Lubumbashi, ambako fakilte ya Politekniki inafundisha madini, metaliji, elektromekanika na ujenzi. Katika umbali huo, kusema «atajaribu mwakani» ni kusema nauli nyingine, kodi ya nyumba nyingine na mwaka mwingine wa chakula. Kosa la kuchagua ambalo Bukavu lingerekebishwa kwa safari ya siku moja, Lubumbashi linamaliza akiba ya ukoo.

Hata Marekani mlango ni mwembamba

Kuna wanaosema kwamba wenzetu walioko ng'ambo wana nafuu. Familia nyingi za Fizi zilikimbilia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996, na baadhi zikapelekwa Marekani. Huko ni kweli mwanafunzi anaweza kuingia chuo kikuu bila kutaja fani, akachagua baadaye. Lakini uhandisi na informatika zina viti vya kuhesabu. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, anayepokelewa ndani ya fakilte ya uhandisi bila fani huomba nafasi yake katika mwaka wa kwanza. Atapata fani ya uhandisi akitimiza masharti, ila si lazima ile aliyoitamani. Aliye nje ya fakilte hiyo hana hata ahadi hiyo.

Kwa hiyo sheria ni ileile pande zote mbili za bahari. Kungojea si kosa. Kinachoamua ni mahali unapongojea.

Maswali kabla ya kulipa

Kabla ya kutoa dola ya kwanza, baraza la familia lingefaa kumtuma mtu kwenye sekretarieti ya fakilte, si kwa rafiki wa rafiki, na maswali matatu. Je, diploma ya seksio hii inapokelewa, na kwa majaribio gani? Mtu akitoka fakilte nyingine, masomo gani yatahesabiwa, na nani anaamua? Akikosa nafasi, fani ipi ya jirani itampokea bila kuanza sifuri? Majibu yaandikwe, maana maneno ya korido hayana muhuri.

Hata hivyo, mzigo wote usiachiwe wazazi. Fizi ni nchi inayolilia wahandisi. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia majumbani Baraka. Barabara namba 5 inakatika mvua zinyeshapo. Misisi watu wanachimba dhahabu katika mashimo ambayo hakuna aliyeyapima. Kazi hizo zinafanywa na wageni, au hazifanywi kabisa, huku watoto wenye akili ya hesabu wakisoma pedagojia kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na nyumba.

Wakuu wa elimu jimboni, makanisa yenye shule na wazaliwa wa Fizi walioko nje hawahitaji kuanza na chuo kikuu kipya. Seksio moja ya sayansi yenye walimu wanaolipwa, katika kila sekta kati ya sekta nne za Fizi, yaani Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, ingefungua mlango mapema, kabla mtoto hajafika mahali pa kuambiwa aingie popote.