Nani anachukua kuku wetu usiku?

Juma hili tunawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, kwani lilitutia aibu na likatufundisha.

Kikundi chetu kilinunua kuku kumi na wawili kwa pesa ya MUSO. Tuliwaweka katika kiwanja cha mwenzetu mmoja, ndani ya banda la mbao linaloegemea ukuta wa mawe ya volkano. Katika majuma matatu kuku watano walitoweka. Mlango haukuvunjwa. Asubuhi tulikuta manyoya machache, mara moja matone ya damu, basi.

Mnajua namna maneno yanavyotembea. Siku ya kwanza tulisema ni mwizi. Siku ya pili tukasema ni mwizi wa karibu. Siku ya tatu mwizi alikuwa na jina: mtoto wa miaka kumi na mmoja, wa familia iliyokimbia vita na kupokelewa nyuma ya kiwanja kile. Sababu yetu ilikuwa nini? Alionekana nje usiku. Mmoja wetu akaongeza kwamba mtoto anayetembea usiku si mtoto wa kawaida. Hakuna kati yetu aliyemkataza. Tangu siku ile mama wa mtoto hakuja tena kuchota maji kwetu.

Kijana wa mwenzetu mmoja anasoma mambo ya mazingira. Aliposikia hayo, alileta kamera ya kutega aliyoazimwa. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye mti au nguzo. Ndani yake mna kitu kinachotambua joto la mwili linalopita mbele yake, kisha kamera inapiga picha yenyewe, hata gizani, kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni. Katika nchi za theluji watu huitega nyuma ya nyumba wakati wa baridi ili waone wanyama wanaokuja kutafuta chakula. Hapa kwetu Kivu inafanya kazi kubwa zaidi: mwaka 2008 kamera za namna hii zilipiga picha za okapi ndani ya Hifadhi ya Virunga, mnyama ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na hakika kama bado yumo humo.

Kabla ya kuitega tulifanya jambo moja ambalo tunawasihi msilisahau. Tulimwambia nyumbakumi na majirani wote. Katika mji wetu, kamera inayowaka usiku bila watu kujua inaweza kuleta matata. Tuliielekeza kwenye banda tu. Haikutazama barabara, wala mlango wa mtu, wala choo. Tuliifunga kwenye nguzo, kimo cha goti, tukakata majani ya mbele yake, kwa sababu jani likitikiswa na upepo kamera hupiga picha bure.

Usiku wa kwanza tulipata paka wa jirani na panya, panya wengi kuliko tulivyofikiri. Usiku wa pili mvua ilinyesha, hatukupata kitu. Usiku wa tatu, saa nane na dakika kumi na nne, alikuja mwenyewe. Alishuka juu ya ukuta wa mawe: mwembamba, mfano wa paka, madoa mwili mzima, mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Vitabu vya Kiswahili humwita kanu. Picha ya pili ilionyesha kichwa chake kikiwa tayari ndani ya banda, kwenye nafasi kati ya mbao mbili ambayo sisi tuliona ni ndogo mno. Kumbe penye kupita kichwa chake, mwili nao unapita.

Tulitazama picha ile bila kusema. Kisha tukaenda kwa yule mama, sisi sote, si mjumbe mmoja. Tukamwomba radhi mbele ya mtoto wake, kwa sababu mtoto pia alisikia tulivyomsema. Mama alisikiliza, hakujibu. Mtoto aliomba kuona picha. Akasema: “Ni huyu. Nilimuona juu ya ukuta nilipokwenda chooni. Hakuna aliyeniuliza.”

Hakuna aliyemuuliza. Sisi tunaofundisha darasani tunawaambia watoto kila siku wachunguze kwanza ndipo wajibu. Nyumbani tulijibu kwanza. Tukumbuke pia kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto, na zaidi anayemwita mchawi. Lakini hata bila sheria, neno la namna hiyo likishatoka halirudi. Mama yule sasa anachota maji kwetu tena, ila bado hakai kuzungumza. Tunangoja.

Kwa mama asiye na kamera, njia ipo nyumbani. Jioni pepeta majivu, uyatandaze mbele ya banda na chini ya ukuta. Asubuhi angalia: kisigino na vidole vya mtu hujulikana, na nyayo ndogo za mviringo kama za paka nazo hujulikana. Majivu hayo yangetosha kutunusuru na aibu yetu.

Banda nalo tulilitengeneza. Tuliziba kila nafasi kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, tukaweka mawe chini pande zote, na sasa tunafunga kabla ya giza kuingia. Wengine walitaka kutega sumu. Tulikataa: sumu inaua mbwa, inaua kuku, na inaweza kufika mkononi mwa mtoto. Tena kanu anakula panya, na panya wetu mmekwisha kusikia hesabu yao. Akae na panya wake, kuku atuachie.

Tangu tulipoziba, kuku saba waliobaki wote wapo. Wawili wanalalia mayai. Vifaranga wakikua, tumekubaliana kwamba jike mmoja atakwenda kwa familia ile.