Joto, Halijoto na Fundi wa Changamwe

Ipo dhana iliyokita mizizi kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, na kwamba mambo ya mitambo hayana budi kuachiwa Kiingereza. Dhana hii haina mashiko. Mfano wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960 hadi 2013, unatosha kuibatilisha.

Katika viwanda vya aina hiyo, mafuta ghafi hupashwa moto kwanza kwa joto la mafuta yaliyokwisha kuchemshwa. Kazi hiyo hufanywa na kibadilisha joto cha ganda na mirija: kiowevu kimoja hupita ndani ya mirija, kingine huizunguka mirija hiyo ndani ya ganda. Je, kinachopashwa moto kikiongezwa kasi, joto kinalopokea huongezeka au hupungua? Ni rahisi kujibu kwamba hupungua, kwa kuwa kiowevu hakipati muda wa kutosha.

Jibu hilo si sahihi, na kosa lake hufichuliwa na maneno mawili: joto na halijoto. Kila lita hutoka ikiwa na halijoto ya chini zaidi, lakini lita zipitazo ni nyingi zaidi, hivyo jumla ya joto huongezeka. Aidha, msukosuko hupunguza unene wa utando wa kiowevu unaoshikamana na ukuta wa mrija na kuzuia joto. Katika mtiririko wenye msukosuko ndani ya mirija, kasi ikizidishwa mara mbili, uwezo wa kupitisha joto upande huo huongezeka kwa takriban asilimia 70, ilhali shinikizo linalopotea hukaribia mara nne. Kasi ikizidi mno, mirija hulika. Ikipungua mno, uchafu hujikusanya.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi tatizo si uhaba wa istilahi, bali ni uhaba wa matumizi. Fundi asiyetenganisha joto na halijoto atapunguza kasi akidhani anaokoa moto, kumbe anaupoteza. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kutoka maktabani na kuandika miongozo ya kazi pamoja na mafundi wa Changamwe na Likoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.