Butembo: cheni ya pikipiki haiombi mafuta mengi, inaomba mafuta safi

Kwenye parkingi nyingi za pikipiki mjini Butembo, cheni kavu inasikika kabla pikipiki yenyewe haijaonekana. Wamotari wameuzoea mlio huo. Mteja anafika, bei inajadiliwa, wanapanda wawili nyuma na gunia la unga mbele, safari inaanza kuelekea Katwa au Musienene. Cheni italia mpaka jioni, na jioni italala hivyo hivyo.

Si kwamba wamotari hawajui. Mmotari anayeendesha pikipiki ya mtu anahesabu pesa yake kwa mpango unaojulikana: kwanza esansi, kisha pesa ya mwenye pikipiki, kisha chakula cha nyumbani. Kinachobaki, kama kinabaki, ndicho cha matengenezo. Ndiyo maana mafuta ya vidanji yamekuwa dawa ya kila kitu. Fundi akitoa mafuta meusi kwenye mashine ya mtu mwingine, yanawekwa kwenye chupa ya maji, na kila anayepita anaomba kidogo. Ni ya bure. Nani atamkatalia?

Lakini yale mafuta yametolewa kwa sababu yamechoka. Yamebeba masizi na unga wa chuma uliolika ndani ya mashine. Ukiyamwaga kwenye cheni, unaipelekea cheni uchafu ambao mashine imeukataa. Halafu vumbi jekundu la kiangazi linakuja juu yake, vinachanganyika, na kinachozunguka pale nyuma si mafuta tena, ni msasa. Mikono ya wamotari nayo inashinda ndani ya weusi huo kila siku, jambo ambalo si zuri hata kidogo kwa ngozi.

Watu wengi wanasema cheni "imevutika", kama vile kamba. Chuma hakivutiki hivyo. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya kibomba kidogo; pini ikikosa mafuta, inalika, na kibomba kinalika. Kila kiungo kikipoteza kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, na viungo ni zaidi ya mia moja, cheni nzima inakuwa ndefu. Meno ya pinyo mbele na ya kuroni nyuma yanaanza kuchongoka na kupinda kama kucha. Hapo hata cheni mpya haisaidii: ikiwekwa juu ya meno mabovu, inaharibika kabla ya wakati wake, na mtu analazimika kununua vyote vitatu.

Kupima ni rahisi. Shika cheni pale nyuma kabisa ya kuroni, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na meno hata nusu ya jino ikaonekana, cheni imekwisha, mafuta ya aina yoyote hayatairudisha.

Sasa, mafuta gani? Mafuta mapya ya gia, yale mazito ya nambari 90, yanafaa sana. Yakikosekana, mafuta mapya ya mashine yanafaa pia, ingawa yanaruka haraka. Girisi inapendwa kwa sababu inaonekana, lakini inabaki nje, haifiki kwenye pini, na vumbi linaipenda kuliko mmotari anavyoipenda. Kuhusu mawese, ambayo wengine wanayajaribu wakiwa wamekwama vijijini: Butembo iko juu ya mita 1,700, asubuhi ni baridi, na mawese yanaganda. Yaachwe kwenye sombe.

Bei ya chupa ndiyo inayotisha watu, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Cheni haihitaji kuogeshwa. Sindano ya plastiki ya mililita 10, bila mwiba wake, inatosha kwa cheni nzima: tone moja kila upande wa kila kiungo, kwenye mstari wa chini, upande wa ndani, ili mzunguko wenyewe uyasukume mafuta kuelekea nje. Kwa kipimo hicho nusu lita inatoa mara 50. Mmotari anayepaka kila siku ya tatu atakaa na chupa hiyo miezi mitano. Igawanye kwa siku, utaona ni pesa ndogo kuliko mandazi ya asubuhi.

Wakati mzuri ni jioni, cheni ikiwa bado na joto la safari. Kwanza isuguliwe kwa barasi ya meno iliyozeeka na mafuta ya taa kidogo, ifutwe kwa kitambaa. Esansi iachwe: inashika moto upesi, na kando ya jiko la makala hiyo si hesabu nzuri. Kisha mafuta, gurudumu likizungushwa kwa mkono na mashine ikiwa imezimwa. Kuna vijana wanaowasha mashine, wanatia gia, wanashika kitambaa kwenye cheni inayokimbia. Vidole vilivyopotea hivyo havinunuliwi. Baada ya dakika chache nje ifutwe tena. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Yale ya nje yanakusanya vumbi tu.

Wakati wa mvua mambo ni mabaya zaidi. Anayerudi kutoka barabara ya Manguredjipa na matope mpaka kwenye kiti anapeleka pikipiki kuoshwa kwa maji mengi na sabuni ya unga, inang'aa, kisha anaiacha usiku kucha bila tone la mafuta. Asubuhi cheni ina kutu. Afadhali pikipiki chafu yenye cheni iliyopakwa kuliko hiyo inayong'aa.

Na cheni ikilia, wengi wanaikaza. Mlio unapungua kidogo, mmotari anaridhika. Ila kwa pikipiki nyingi ndogo za hapa cheni inatakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3 katikati ya mstari wa chini. Ikikazwa zaidi ya hapo, wateja wawili wakikaa nyuma inakuwa kama waya wa gitaa, inakula gololi za gurudumu, na siku moja inakatika. Ikikatika kwenye mlima, pikipiki inapoteza nguvu na kuanza kurudi nyuma. Ikijikunja kwenye kuroni wakati wa kuteremka, gurudumu linafunga ghafla. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hajui lolote kuhusu mililita 10.

Ndiyo maana si haki kumwachia mmotari peke yake mzigo huu. Kwenye makubaliano mengi, cheni mpya ananunua mwenye pikipiki, mafuta ya cheni anatafuta mmotari. Matokeo yanaeleweka: anayeweza kuikinga cheni hapati faida yake, na anayelipia hasara haioni cheni mpaka siku imekatika. Hapo mazungumzo yanakuwa yale yale. "Papa, cheni imekufa." "Wewe kijana umeiua." Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na pikipiki imelala siku mbili bila kuingiza hata franga moja.

Mwenye pikipiki anayekubali kununua nusu lita ya mafuta nambari 90 kila miezi mitano ana haki ya kuikagua cheni kila Jumapili na kumwuliza mmotari wake maswali. Asiyenunua, swali lake la kwanza angejiuliza mwenyewe.

Na kama wenye pikipiki wanachelewa, parkingi zinaweza kuanza bila wao. Wamotari wanachangishana kwa misiba, kwa ajali, kwa ndoa. Bidoni moja ya lita 20 ina vipimo 2,000 vya sindano. Parkingi ya pikipiki 40, kila moja ikipakwa mara mbili kwa wiki, inatumia vipimo 80: bidoni inafika wiki 25, karibu nusu mwaka. Kinachobaki ni kumchagua mtu wa kuitunza, na asiwe yule anayeuza mafuta kando.