KAMERA YA PAPO HAPO: TUCHAGUE IPI, NA KWA AJILI GANI?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi, walezi na wanafunzi wetu wapenzi. Kila mahafali yanapokaribia, suala la picha hurudi mezani. Safari hii wapo wazazi waliopendekeza madrasa inunue kamera ya papo hapo, yaani ile inayotoa picha ya karatasi dakika ileile, ili kila mtoto arudi nyumbani na picha yake. Wengine wametaja Polaroid, wengine Instax, na vijana wetu wanaitaka ile yenye kioo nyuma kama cha simu.

Tumeona tulijadili jambo hili katika gazeti letu la mwaka, kwa sababu si suala la urembo wa kamera tu. Ndani yake mna fedha za waumini, mna hukumu ya dini, na kubwa zaidi, mna sitara ya watoto wetu. Maoni yetu tunayasema mapema: kama kamera itanunuliwa, basi inunuliwe ya filamu tupu isiyohifadhi nakala yoyote, na iwe ile inayostahimili joto la kwetu. Sababu zetu ni hizi zifuatazo.

HISTORIA KWA UFUPI

Kamera hii aliibuni Mmarekani aitwaye Edwin Land. Inaelezwa kuwa mwaka 1943, akiwa mapumzikoni na familia yake mjini Santa Fe, binti yake wa miaka mitatu alimuuliza kwa nini hawezi kuiona saa ileile picha aliyopigwa. Land akalifanyia kazi swali la mtoto. Februari 1947 aliwaonyesha wataalamu uvumbuzi wake mjini New York, na Novemba 1948 kamera ya kwanza ikauzwa Boston kwa jina la Polaroid. Wanafunzi wetu, oneni hapo faida ya kuuliza.

Kwetu Afrika Mashariki kamera hii si ngeni. Wengi tunaikumbuka ile kamera ya macho manne kwenye studio za picha za pasipoti. Mpiga picha alivuta karatasi, akasubiri kidogo, akaibandua, na picha nne zinazofanana zikatoka kwa pamoja. Filamu ile ya kubandua imekwisha zama zake. Kampuni ya Fujifilm ya Japani ilitangaza mwaka 2016 kuacha kutengeneza FP-100C, filamu yake ya mwisho ya aina hiyo. Zinazouzwa leo ni za aina nyingine, ambayo picha hujisafisha yenyewe ndani ya karatasi yake bila kubanduliwa.

CHOMBO HUFUATA NIA YA MWENYE KUKITUMIA

Kabla hatujalinganisha aina, tukumbuke kisa kimoja cha barani kwetu. Wakati wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, Waafrika walilazimishwa kutembea na vitabu vya pasi, na kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za vitabu hivyo kwa haraka. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo na wakaanzisha upinzani hadharani. Upinzani uliendelea kwa miaka, na mwaka 1977 kampuni ikaacha biashara yake Afrika Kusini. Kwa hiyo kamera ileile iliyomfurahisha mtoto wa Land iliwadhalilisha watu wazima katika nchi yao wenyewe. Chombo ni kimoja, nia ndizo zilizotofautiana. Nasi Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali huzingatiwa kwa nia.

MASHEIKH WAMESEMAJE?

Ukurasa huu si wa kutoa fatwa, lakini haifai tuzungumzie kamera tukakaa kimya juu ya khitilafu ya wanazuoni. Hadithi sahihi zimewaonya vikali watengenezaji wa picha za viumbe wenye roho. Walipokuja wapiga picha wa kamera, wanazuoni wakatofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu, wala si kuumba umbo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi akaelekea upande huo. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, alishikilia kuwa imekatazwa ila kwa dharura, mfano vitambulisho.

Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliizungumzia kamera ya papo hapo yenyewe. Aliona kuwa, kwa vile mkono wa mtu hauchori wala hausafishi kitu, kazi ile haiingii katika uchoraji uliokatazwa. Lakini hakuishia hapo. Alisema litazamwe lengo la picha, na picha za kuwekwa kwa kumbukumbu tu hakuziruhusu.

Ndugu zetu, wote hao ni maulamaa, nasi tuna wazazi wanaofuata kila kauli. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba mzazi asiyetaka mwanawe apigwe picha asibughudhiwe, wala mtoto wake asionekane amekosa kitu. Cheti chake na zawadi yake vinamtosha. Na kwa wanaofuata kauli ya kuruhusu, tuhakikishe lengo lipo. Kwetu sisi lengo linaeleweka. Wapo akina baba wengi walioko machimboni, Mwadui, Bulyanhulu, Nyarugusu na Geita, ambao hukaa miezi bila kuiona familia. Baba huyo akipelekewa picha ya mwanawe ameshika msahafu, pengine atakumbuka ada, atakumbuka nyumba, na atakumbuka kumwombea dua.

AINA ZILIZOPO

Kwa ufupi, anayeingia dukani leo atakutana na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni Polaroid. Picha yake ni ya mraba, kubwa kiasi, takriban sentimita 8 kwa 8, na wengi wanaipenda kwa sura yake ya kizamani. Paketi moja ya kawaida ina picha 8. Kampuni ya awali iliacha kutengeneza filamu hizi mwaka 2008, na waliookoa kazi hiyo ni kikundi kilichonunua mitambo ya kiwanda cha mwisho kule Enschede, Uholanzi. Picha ya rangi huchukua takriban dakika 10 hadi 15 kukamilika, na inapotoka lazima ikingwe na mwanga mara moja.

Kundi la pili ni Instax za Fujifilm, zilizoanza mwaka 1998. Hizi zina saizi tatu. Mini ina karatasi ya ukubwa wa kadi ya benki, Square ni ya mraba, na Wide ni pana karibu mara mbili ya Mini. Paketi ina picha 10, na picha huanza kuonekana baada ya dakika moja na nusu hivi. Muhimu kuelewa kwamba filamu hizi hazibadilishani. Ukinunua kamera ya Mini, filamu ya Wide haikufai hata kidogo.

Kundi la tatu ni kamera mchanganyiko, kama Instax Mini LiPlay ya mwaka 2019 na Mini Evo ya mwaka 2021. Kwa nje zinafanana na wenzake, lakini ndani ni kamera za dijitali. Zinahifadhi picha kwanza, halafu wewe unachagua ipi itoke kwenye karatasi. Karibu na hizi zipo mashine ndogo zinazochapa picha kutoka kwenye simu.

JOTO, VUMBI NA GHARAMA

Tuanze na hali ya hewa. Filamu ya Polaroid inashauriwa itumike kwenye joto la nyuzi 13 hadi 28 za Selsiasi. Likizidi hapo, rangi huelekea wekundu au manjano. Fujifilm inashauri Instax itumike kati ya nyuzi 5 na 40. Sasa jiulize, mahafali yetu hapa Songwa hufanyika saa ngapi? Ni mchana, chini ya turubai, na anayejua jua la Shinyanga hahitaji kipimajoto. Kwa hoja hii peke yake, Instax imeishinda Polaroid kwa mazingira yetu.

Pili ni betri. Instax Mini 11 na 12 hutumia betri mbili za AA, zile nyembamba zinazopatikana dukani kwa mangi. Baadhi ya Square, kama SQ1 na SQ40, hutumia betri za CR2, ambazo pengine utazifuata mjini. Polaroid mpya huchajiwa kwa umeme, na umeme nao una siku zake.

Tatu ni gharama. Waswahili wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Watu wengi huuliza bei ya kamera, wakasahau kuwa kamera hununuliwa mara moja lakini filamu hununuliwa kila mwaka. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 40, kila mmoja picha moja. Kwa Mini ni paketi 4. Kwa Polaroid ni paketi 5. Ongeza paketi moja ya akiba, maana kuna atakayefumba macho. Kabla ya kununua kamera, kamati iulize bei ya paketi moja, ipige hesabu ya miaka mitatu, ndipo iamue. Allah (S.W.) katika Surat al-Israa ametukataza ubadhirifu, na kamera inayokaa kabatini kwa kukosa filamu ni ubadhirifu.

SITARA YA WATOTO WETU

Sasa tufike kwenye hoja iliyotufanya tuandike makala hii. Mtu atauliza, kwa nini tuhangaike na filamu wakati kila mzazi ana simu? Jibu ni kwamba picha ya simu haina mwisho. Binti anapigwa picha asubuhi akipokea zawadi, na kabla ya Magharibi picha yake imeshapita makundi ya WhatsApp ambayo mzazi wake hayajui. Hakuna anayeweza kuirudisha. Miaka kumi baadaye binti huyo ni mke wa mtu, na sura yake ingali inazunguka.

Picha ya filamu tupu haina negativu, haina memori kadi, haina nakala. Inatoka moja, inakabidhiwa mwenyewe, basi. Wapo wanaouita huu upungufu, kwamba ikipotea imepotea. Sisi kwa upande wa sitara tunaiona kuwa ndiyo sifa yake kubwa. Na hapa ndipo kundi la tatu linapotutia wasiwasi. Kamera mchanganyiko inampa mzazi karatasi mkononi, naye anaondoka akidhani hiyo ndiyo picha yote, kumbe nyingine imebaki kwenye kamera. Vijana wetu hawana nia mbaya kuitaka, lakini kwa kazi ya madrasa haifai.

Ni kweli kwamba hata picha ya karatasi inaweza kupigwa tena kwa simu. Lakini kwa hilo ni lazima mtu aishike kwanza, na mwenye kuitoa ni mwenyewe au mzazi wake. Mlinzi yupo, na anajulikana.

MAPENDEKEZO YETU

1. Ikinunuliwa, iwe Instax Mini ya filamu tupu inayotumia betri za AA. Wide inafaa kwa picha ya darasa zima, lakini hiyo itakuwa moja tu kwa darasa, nani abaki nayo? Tunachotaka ni kila mtoto apate yake.

2. Idhini ya mzazi au mlezi ipatikane kabla ya siku yenyewe. Mtoto akikataa mwenyewe, asilazimishwe.

3. Wasichana wapigwe na ustaadhati, sehemu yao, wakiwa na hijabu kamili.

4. Picha isiuzwe siku ya mahafali. Ama wapate wote waliokubali, ama wasipate wote. Haifai yatima asimame pembeni akitazama wenzake.

5. Filamu zitunzwe mahali penye ubaridi, si chini ya bati wala ndani ya gari juani. Tarehe ya mwisho iangaliwe kwenye boksi. Paketi ikishawekwa, mlango wa nyuma usifunguliwe hadi picha ziishe.

6. Picha isikatwe kwa mkasi wala watoto wadogo wasiitafune, kwani ndani yake mna dawa inayochoma. Isibandikwe juani, itapauka.

7. Kwa fomu za shule na vitambulisho, mzazi aende studio kama kawaida. Huko zinatakiwa nakala kadhaa zinazofanana, na kamera hii haitoi nakala.

Kamati ikiona fedha haitoshi, basi misahafu na mikeka itangulie, na kamera isubiri. Mtoto aliyehifadhi juzuu yake hakupungukiwa kwa kukosa picha.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awarejeshe salama akina baba walioko machimboni, na atujaalie tuwe wenye kutunza amana.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.