Mafuriko ya Tana hayaji ghafla, watoto wa Garsen huugua kwa nini?

Mvua ikinyesha kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya, wakazi wa Garsen hujua kuwa maji yako njiani hata kama anga yao ni kavu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2018, na tena mwishoni mwa 2023, mvua za El Nino zilipowafurusha maelfu ya watu makwao katika Kaunti ya Tana River.

Yanayofuata yanajulikana. Vyoo hufurika, visima huchafuka, na mama aliyehamia kambini huchota maji ya mto uo huo uliomfukuza. Mtoto huanza kuharisha. Maji yakituama, mbu huzaana na malaria huingia. Nayo baridi ya usiku chini ya turubai huweza kuongeza hatari ya kikohozi kinachoweza kugeuka nimonia.

Kinga ipo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nyumonia mwaka wa 2011 na ya virusi vya rota 2014. Kunyonyesha pekee kwa miezi sita nako humwepusha mtoto na maji machafu. Lakini chanjo huhitaji jokofu, na muuguzi huhitaji barabara. Kuwalaumu akina mama wa Kipokomo na Kiorma kwa kukosa elimu, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kukwepa swali.

Bwawa la Masinga likifurika, maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo zatosha kupeleka katika zahanati vyandarua, dawa za kusafisha maji na pakiti za chumvi na sukari, kabla barabara hazijakatika.