Mkopo wa Serikali na Jina la Kukodi

Msafiri apitaye Matsangoni kwa barabara kuu ya Mombasa na Malindi huviona vibanda vya kijani vya M-Pesa, akadhani kila kimoja ni tawi la kampuni. La hasha! Mwenye kibanda ni mfanyabiashara aliyeruhusiwa kutumia jina la mwingine, kwa masharti ya huyo mwingine, lakini kwa fedha zake mwenyewe.

Vijana wetu wanaomaliza Kidato cha Nne huniuliza iwapo mkopo wa Serikali waweza kuwafikisha hapo. Nijibuvyo ni kwamba mkopo waweza, ila si wa namna tuliyoizoea.

Hazina ya Hasla ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mtu binafsi aliahidiwa kati ya Sh500 na Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe katika siku 14. Wapo wanaoilaumu riba; mimi simo. Kwa majuma mawili, riba ya Sh50,000 haifiki hata Sh160. Kasoro imo katika siku. Mchuuzi wa samaki wa Uyombo hununua alfajiri na kufikia jioni amekwisha kuuza. Siku 14 zamtosha. Wakala wa fedha za simu hana samaki wa kuuza. Bidhaa yake ni fedha zenyewe, nusu taslimu na nusu simuni, nazo hazina budi kukaa dukani daima. Siku atakayoziondoa kulipa deni, ndiyo siku aliyofunga duka. Tena mkopaji mgeni huanzia chini kabisa, na Sh500 hazifungui hata dirisha.

Hazina ya Uwezo ya mwaka 2013 ilikuja na mikopo isiyo na riba. Hata hivyo hukopesha vikundi, na ufunguo wa kibanda hushikwa na mtu mmoja. (Waliowahi kuwa waweka hazina wa vikundi wanajua ninalosema.)

Marekani ilianzisha mwaka 1953 idara inayowadhamini wafanyabiashara wadogo. Benki ndiyo hukopesha. Serikali hubeba sehemu kubwa ya hasara, na deni laweza kulipwa kwa miaka hadi 10. Wengi wamekodi majina makubwa kwa njia hiyo. Kenya nayo ilianza mpango wa dhamana mwaka 2020 kupitia benki saba. Lakini dhamana ya Serikali haibebi deni zima, na kwa sehemu isiyobebwa, benki hupenda kuona hati ya shamba. Pwani hati hiyo ni adimu tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1908, iliyofanya ardhi isiyodaiwa kwa maandishi kuwa mali ya Serikali ya kikoloni.

Hata fedha zikipatikana, mkataba ungalipo. Hadi mwaka 2014, wakala wa M-Pesa alikatazwa kuhudumia kampuni shindani; Mamlaka ya Ushindani ilibidi iingilie kati. Ni mawakala wangapi waliokisoma kifungu hicho kabla ya kutia sahihi?

Walimu wenzangu wa Elimu ya Biashara, tafuteni mkataba mmoja wa uwakala muulete darasani. Wanafunzi waulizwe: nani hupanga kamisheni? Nani aweza kuuvunja, na kwa notisi ya siku ngapi? Ukivunjwa, deni la Serikali litalipwa na nani? Swali hilo la mwisho lipewe alama nyingi zaidi.