Si kila kiitwacho kinga hukinga

Kinga ni bora kuliko tiba. Msemo huu tumefunzwa tangu utotoni, na ni nadra kumpata wa kuubishia. Hata hivyo, una sharti moja ambalo halitajwi: ni lazima kwanza ithibitishwe kwamba hicho kiitwacho kinga hukinga kweli. Kwa miaka mingi ulimwengu wa tiba ulilisahau sharti hilo, na waliougharimia usahaulifu huo ni wanawake.

Ninazungumzia homoni wanazopewa wanawake baada ya hedhi kukoma. Hedhi, aghalabu, hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55, pale ovari zinapopunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni. Baada ya hapo, hatari ya maradhi ya moyo huzidi. Wataalamu wengi walijumlisha mambo hayo mawili wakasema: estrojeni ikirudishwa, moyo utalindika. Uchunguzi mkubwa wa wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka wa 1976, ulielekea kuwaunga mkono, kwani waliotumia homoni walionekana kuugua moyo kwa uchache. Lakini waliozichagua homoni aghalabu walikuwa pia watu waliojitunza na kumwona daktari mara kwa mara. Ni nini basi kilichowalinda: kidonge au mwenendo wa maisha?

Jibu lilipatikana pale wanawake walipogawanywa kwa kura, wengine wakapewa homoni na wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka wa 1998, utafiti wa wanawake 2,763 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo haukuona nafuu yoyote kwa jumla. Julai 2002, utafiti mwingine wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza estrojeni na projestini kwa mwaka mmoja, kulikuwa na visa 7 zaidi vya maradhi ya moyo, 8 vya kiharusi na 8 vya saratani ya matiti, ingawa waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Mwaka wa 2004 tawi la estrojeni pekee nalo lilisimamishwa: moyo haukulindika, na visa vya kiharusi vilizidi.

Tusikimbilie, hata hivyo, upande wa pili na kuziita homoni sumu. Wastani wa umri wa wanawake wale 16,608 ulikuwa miaka 63. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu ikome, hatari ni ndogo zaidi. Mwanamke wa namna hiyo, akisumbuliwa na fukuto la ghafla na kukosa usingizi, na asiwe na kizuizi kama vile saratani ya matiti au historia ya damu kuganda, anaweza kunufaika kwa homoni akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Kwake hiyo ni tiba ya usumbufu alio nao. Si kinga ya moyo, na haifai kuuziwa kwa jina hilo.

Msomaji atauliza: mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya madaktari? Natafuta maneno, kwa sababu hapa Naivasha maneno ndiyo yanayotuponza.

Chukua mfano wa mama wa miaka hamsini wa Karagita au Kamere, mmoja wa maelfu ya wanawake wanaochuma na kufunga mawaridi katika mashamba ya kandokando ya ziwa. Akiwa ndani ya kivungulio cha plastiki, joto la ghafla linampanda kifuani hadi usoni, moyo unamdunda, na usiku uliotangulia hakulala. Atamwambia nini mhudumu wa zahanati ambaye yamkini ni kijana wa umri wa mwanawe? Neno hedhi halitamki. Atasema ana presha. Neno hilo moja limebebeshwa kila mzigo: shinikizo la damu, wasiwasi, kizunguzungu, hata deni la kodi ya nyumba. Kwa upande mwingine, jirani yake ambaye damu yake ina shinikizo la hatari hasikii lolote, kwani ugonjwa huu kwa kawaida hauna dalili. Na akihema kwa shida siku moja, wenzake watamtuliza: ni mambo ya umri, mama, yatapita.

Hivyo basi, hali inayosumbua lakini haiui imepewa jina la ile inayoua kimyakimya, na ile inayoua imefichwa nyuma ya umri. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu. Kinga ya kweli ya moyo imo katika kipimo hicho, katika kupunguza chumvi, kuacha sigara, kuushughulisha mwili, na kumeza dawa ya shinikizo kila siku pale inapohitajika.

Vyombo vya kuanzia tunavyo. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu. Yule anayebisha hodi Karagita na ampime kila mwanamke aliyefikisha miaka 45, kisha amwulize kwa Kiswahili cha heshima kisicho na mafumbo: mama, hedhi yako imekoma? Unapata fukuto? Zahanati za mashamba ya maua nazo zifanye vivyo hivyo, na mwanamke atakaye mhudumu wa kike apewe. Maswali hayo mawili na kipimo kimoja vitatenganisha lile la kutibiwa na lile la kukingwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini asiye na neno la kuyataja maradhi yake hajayaficha. Sisi tuliomnyima neno hilo ndio tuliomfichia.